Thomas Nast: Mchora Katuni Aliyewasumbua Wakubwa wa Marekani

Kabla barabara ya kutoka Tunduma haijawekwa lami, magazeti ya Dar es Salaam yalikuwa yakifika Sumbawanga yamechelewa, wakati mwingine siku mbili nzima. Habari zilikuwa zimekwisha kupoa, lakini katuni ilikuwa bado ya moto. Namkumbuka mzee mmoja jirani yetu, mkulima wa mahindi na ulezi, ambaye hakupata bahati ya kwenda shule. Alikuwa akiliomba gazeti dukani, anafunua kurasa bila kusimama mpaka afike kwenye katuni, anaitazama kwa muda, kisha anacheka peke yake. Hakuhitaji mtu wa kumsomea. Kiongozi aliyechorwa alimtambua kwa kitambi chake, na jambo lililosemwa alilielewa hata kabla sisi wanafunzi hatujamaliza kusoma maandishi ya pembeni. Wazee wengine watakutajia Chakubanga, mhusika wa katuni za Christian Gregory katika gazeti la Uhuru, ambaye watu wazima wa enzi za Mwalimu wanamkumbuka mpaka leo.

Mtahiniwa, kumbuka mzee huyo unaposoma wasifu huu. Kumbuka pia ile picha iliyomo katika vitabu vingi vya Historia, ya Cecil Rhodes amesimama juu ya Afrika, mguu mmoja Cape Town na mwingine Cairo. Ile ni katuni ya mwaka 1892, iliyochorwa na Mwingereza Linley Sambourne. Wanafunzi wengi huitazama kama pambo la ukurasa, wakaiacha. Katuni ni chanzo cha historia, na chanzo chochote kina mtu aliyekitengeneza, mwenye rafiki zake, adui zake na makosa yake. Tutamwangalia mtu mmoja wa namna hiyo, aliyeichora siasa ya urais wa Marekani kwa zaidi ya miaka ishirini.

Thomas Nast alizaliwa tarehe 27 Septemba 1840 katika mji wa Landau, ambao wakati huo ulikuwa chini ya ufalme wa Bavaria na leo uko Ujerumani. Alizaliwa kambini, kwa sababu baba yake alikuwa mpiga tromboni katika bendi ya jeshi. Baba huyo alikuwa na maoni ya kisiasa yasiyowapendeza wakubwa, na mwaka 1846 aliona ni heri familia iondoke mapema. Mama, Thomas na dada yake wakavuka bahari mpaka New York. Baba aliwafuata miaka kadhaa baadaye.

Shuleni Thomas hakufanya vizuri. Lugha ilikuwa ngeni, na kusoma kulimshinda. Hata utu uzima wake hakuwa msomaji hodari. Mke wake Sarah Edwards, aliyemuoa mwaka 1861, ndiye aliyekuwa akimsomea magazeti na vitabu huku yeye akichora, na ndiye aliyemsaidia na maneno ya chini ya picha. (Sisemi hivyo ili uache kusoma. Nast alifanya kazi maradufu maisha yake yote kwa sababu ya upungufu huo.) Alichoweza ni kuchora. Alijifunza kwa wachoraji wawili watatu wa New York, fedha za nyumbani zikaisha, na akiwa na umri wa miaka 15 akaenda kuomba kazi katika gazeti la picha la Frank Leslie. Inasimuliwa kwamba Leslie, akitaka kumkatisha tamaa, alimtuma akachore umati wa watu wakigombania kupanda kivuko siku ya Jumapili. Kijana akarudi na mchoro uliojaa watu, kila mmoja na mwendo wake. Akaajiriwa kwa dola 4 kwa wiki.

Mwaka 1860 alitumwa Uingereza kuchora pambano kubwa la masumbwi, na kutoka hapo akaenda Italia kuyafuata majeshi ya Garibaldi. Alirudi Marekani mapema mwaka 1861, wakati nchi yake mpya inaingia katika Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe. Majimbo ya Kusini yalitaka kujitenga na kulinda utumwa, na Kaskazini chini ya Rais Abraham Lincoln ilikataa. Mwaka 1862 Nast akajiunga na gazeti la kila wiki la Harper's Weekly, na hapo ndipo jina lake lilipoanza kukua.

Inafaa ujue katuni ya wakati ule ilitengenezwaje, maana hakukuwa na kompyuta wala kamera ya kuhamisha mchoro. Nast alichora moja kwa moja juu ya kipande cha mbao ngumu, na alichora kinyume, kulia kukawa kushoto, kama maandishi yalivyo kwenye muhuri wa ofisi ya mtendaji wa kijiji. Wachongaji walichimba mbao yote isiyo na mstari, wakaacha mistari yake imeinuka, ndipo ikapakwa wino na kupigwa chapa. Mchongaji akikosea kidogo, pua ya rais imeharibika. Kwa hiyo Nast alizoea mistari mizito iliyo wazi, na watu waliotambulika papo hapo.

Nguvu ya mistari hiyo ilionekana mwaka 1864. Vita vilikuwa vimechosha watu, na chama cha Democratic, kilichompinga Lincoln katika uchaguzi, kilizungumzia amani na Kusini. Nast akachora askari wa Kaskazini aliyekatwa mguu, ameinamisha kichwa, akipeana mkono na kiongozi wa Kusini aliyesimama kwa majivuno juu ya kaburi la wanajeshi wa Kaskazini. Pembeni mwanamke anayewakilisha Marekani analia. Hakuna aliyehitaji ufafanuzi. Chama cha Republican kiliichapa picha hiyo tena na tena kwa ajili ya kampeni, na Lincoln akashinda. Inaelezwa kwamba Lincoln alimhesabu Nast kuwa mwandikishaji askari bora kuliko wote.

Vita vilipokwisha mwaka 1865, swali likawa: Waafrika waliotoka utumwani watapata haki ya kupiga kura? Agosti mwaka huo Nast alichora askari mweusi aliyepoteza mguu vitani, amesimama kwa heshima, na yule mwanamke Marekani amemwekea mkono begani, akiuliza kama huyu naye anyimwe kura. Rais Andrew Johnson, aliyeingia madarakani baada ya Lincoln kuuawa, alipowaachia mabwana wa zamani warudi kutawala Kusini, Nast alimchora mwaka 1866 kama Iago, yule msaliti wa tamthilia ya Othello ya Shakespeare, anayemtabasamia mtu mweusi huku akimchimbia kaburi. Kuanzia hapo Nast akawa mtu wa Ulysses Grant, jenerali aliyeshinda vita. Grant alichaguliwa kuwa rais mwaka 1868, na alikiri kwamba ushindi huo ulitokana kwa sehemu na penseli ya Nast.

Ugomvi uliompa Nast heshima kubwa kuliko yote, hata hivyo, haukuwa wa rais. Ulikuwa wa jiji lake mwenyewe. New York ilikuwa mikononi mwa William Tweed, kiongozi wa kundi la chama cha Democratic lililoitwa Tammany Hall. Tweed na wenzake watatu wakubwa, akiwemo meya, waliila hazina ya jiji. Jengo moja la mahakama liligharimu zaidi ya dola milioni 12, kwa sababu kila ankara iliongezwa na ziada ikagawanywa. Fundi mmoja wa kupiga plasta aliandikiwa zaidi ya dola 133,000 kwa kazi ya siku mbili. Msomaji wa Sumbawanga aliyewahi kuona jengo la umma likikwama katika msingi hatashangaa sana.

Gazeti la New York Times lilichapisha hesabu hizo Julai 1871. Lakini hesabu ni hesabu. Wapiga kura wengi wa Tweed walikuwa wahamiaji maskini wasiojua kusoma. Nast ndiye aliyewafikia. Alimchora Tweed mnene, na kito kikubwa cha almasi kifuani. Katika katuni moja kichwa cha Tweed kimeondolewa, na mahali pake pamewekwa mfuko wa fedha wenye alama ya dola kama uso. Katika nyingine, ya Agosti 1871, kundi zima limesimama katika duara, na alipoulizwa mwizi wa fedha za watu, kila mmoja anamnyooshea kidole jirani yake mpaka duara limekamilika. Tweed alilalamika kwamba yaliyoandikwa hayakumsumbua kwa kuwa watu wake hawakusoma, ila hizo picha waliziona.

Akajaribu njia nyingine. Shule za jiji zikakatazwa vitabu vya kampuni ya Harper, wenye gazeti, ili waumie mfukoni. Wakagoma kumfunga mdomo mchoraji wao. Kisha, kwa masimulizi aliyoyatoa Nast mwenyewe, akamjia mtu wa benki na maneno matamu: wapenzi wa sanaa wangependa kumlipia safari ya masomo Ulaya, dola 100,000. Nast akajifanya mwenye tamaa, akapandisha bei, na yule bwana akapanda naye mpaka wakafika 500,000. Mshahara wake wa mwaka ulikuwa kama 5,000. Hapo Nast akamwambia kwamba alikwisha amua kuwapeleka baadhi ya mabwana hao gerezani, na uamuzi wake haujabadilika.

Katika uchaguzi wa Novemba 1871 watu wa Tammany waliangushwa, ingawa Tweed mwenyewe alishinda kiti chake. Alihukumiwa mwaka 1873. Desemba 1875 alitoroka, akapitia Cuba mpaka Hispania, na mwaka uliofuata alikamatwa katika bandari ya Vigo. Maofisa wa Hispania walimtambua kwa katuni ya Nast, iliyomwonyesha katika nguo za mfungwa ameshika watoto wawili. Wao, wasiojua siasa ya New York, walidhani anatafutwa kwa kuiba watoto. Tweed alifia gerezani mwaka 1878.

Mpaka hapa ni rahisi kumpenda Nast. Sasa tazama mwaka 1872. Grant aligombea tena, na mpinzani wake alikuwa Horace Greeley, mwanzilishi wa gazeti la New York Tribune. Greeley alikuwa amepinga utumwa tangu Nast yuko mtoto. Safari hii alishauri Kaskazini na Kusini zipatane, na chama cha Democratic kikamuunga mkono. Nast hakumhurumia. Alimchora wiki baada ya wiki, miwani, koti jeupe na ndevu za shingoni, kama mpumbavu na kama msaliti. Katika katuni ya Septemba alimweka juu ya kaburi la Lincoln, akipeana mkono na kivuli cha Booth, yule aliyemuua Lincoln. Greeley hakuwa mtu mwenye msimamo thabiti, hilo ni kweli. Lakini kumhusisha na muuaji ni uongo, hata kama umechorwa vizuri. Mke wake alifariki siku chache kabla ya uchaguzi. Alishindwa vibaya tarehe 5 Novemba, na tarehe 29 ya mwezi huohuo naye akafariki, hata kabla wajumbe wanaomchagua rais hawajapiga kura zao. Watu walimlaumu Nast. Mimi sisemi kwamba katuni ilimuua, kwa sababu mtu huyo alikuwa amechoka na kufiwa. Nasema ilimpiga alipokuwa ameanguka.

Wakati huohuo serikali ya rafiki yake Grant ilikuwa na kashfa zake: ushuru wa pombe ulioibwa, maofisa waliouza vyeo. Penseli iliyomchoma Tweed ilikuwa butu mno ilipofika Ikulu. Hapa ndipo pa kuweka alama katika daftari lako, kwa kuwa swali la kutathmini mtu wa historia linataka pande zote mbili.

Mwaka 1874 zilivuma habari kwamba Grant anataka muhula wa tatu. Katiba ya Marekani haikukataza wakati ule (ilikuja kukataza mwaka 1951), lakini desturi iliyotokana na rais wa kwanza, George Washington, ilikuwa mihula miwili. Gazeti lililopiga kelele zaidi ni New York Herald. Hili unalijua bila kujua kwamba unalijua: ndilo lililomtuma Henry Morton Stanley kumtafuta Dkt. Livingstone, wakakutana Ujiji mwaka 1871, na mwaka uliofuata Livingstone akashuka kusini kando ya Ziwa Tanganyika, akipita nchi ya Ufipa, katika safari yake ya mwisho. Gazeti hilohilo sasa lilitangaza kwamba Grant anataka kuwa Kaisari.

Nast alijibu kwa hadithi ya punda aliyevaa ngozi ya simba, ambayo wengi wetu tuliisikia shule ya msingi. Katika katuni ya tarehe 7 Novemba 1874 punda ndilo gazeti la Herald. Wanyama wa mwituni wanakimbia ovyo, akiwemo twiga na bundi, na tembo mkubwa, aliyeandikwa kura za Republican, anakaribia kutumbukia shimoni kwa woga wa mnyama ambaye si simba. Chama hicho kilishindwa katika uchaguzi wa Bunge mwezi huohuo, na Nast akamchora tembo akiwa amenaswa. Tembo akabaki. Punda naye Nast alikuwa amemtumia mwaka 1870 kuwachora watu wa upande wa Democratic, ingawa hakuwa wa kwanza kufanya hivyo. Mpaka leo vyama viwili vikubwa vya Marekani vinatambulishwa kwa wanyama hao. Ukiulizwa asili ya alama ya tembo wa Republican, jibu ni Nast, 1874.

Liko jambo baya zaidi la kusema. Nast aliwachukia Waayalandi Wakatoliki, akawachora na nyuso za nyani, na mwaka 1871 aliwachora maaskofu kama mamba wanaotoka mtoni kuwala watoto wa shule. Kwa Wachina waliokuwa wakinyanyaswa alikuwa mtetezi. Kwa watu weusi alianza kama mtetezi, kama tulivyoona. Lakini mwaka 1874 aliwachora wabunge weusi wa Kusini kama wagomvi wajinga, na Desemba 1876 akachora mizani: upande mmoja mtu mweusi, upande mwingine Mwayalandi, wote wamechorwa kwa dharau, akionyesha kwamba kura zao za ujinga zinalingana uzito. Miaka kumi na moja tu ilikuwa imepita tangu alipomchora askari yule wa mguu mmoja anayestahili kura. Mwaka 1877 Rais Hayes aliyaondoa majeshi yaliyobaki yakilinda serikali za Kusini, na watu weusi wakaachwa mikononi mwa waliokuwa mabwana wao. Ukiweka picha hizo mbili pamoja unaona jinsi Kaskazini nzima ilivyochoka kuwatetea. Ndiyo maana nasema katuni ni chanzo: inamwonyesha aliyechorwa, na inamwonyesha zaidi aliyeichora.

Baada ya hapo nyota yake ilififia. Mkubwa wa gazeti aliyekuwa akimkingia kifua, Fletcher Harper, alifariki mwaka 1877, na wahariri wakaanza kumbana. Njia mpya ya kuchapa kwa msaada wa picha iliondoa mbao, na mistari yake ikapoteza uzito. Gazeti la Puck, lenye rangi, likawavuta wasomaji.

Mwaka 1884 ulimtoza kila kitu. Mwezi Mei kampuni ya fedha ya Grant na Ward, ambamo Nast alikuwa ameweka akiba yake, ilifilisika kwa udanganyifu wa Ward. Grant mwenyewe aliangamia humo. Mwezi Juni chama cha Republican kilimteua James Blaine agombee urais, mtu aliyeandamwa na tuhuma za kupokea fedha za makampuni ya reli. Safari hii Nast hakufumba macho. Alikiacha chama alichokichorea tembo, akamuunga mkono Grover Cleveland wa Democratic, na waliompenda kwa miaka ishirini wakamwita msaliti, neno lilelile alilompachika Greeley. Cleveland alishinda mwezi Novemba, jimbo la New York likiamua mambo kwa tofauti ya kura zisizofika 1,200. (Siku chache baadaye, tarehe 15 Novemba 1884, wakubwa wa Ulaya walikutana Berlin kuigawana Afrika. Tarehe hiyo hutakiwi kukumbushwa.)

Nast aliondoka Harper's Weekly mwishoni mwa mwaka 1886. Akaanzisha gazeti lake mwenyewe mwaka 1892. Likafa baada ya miezi michache. Madeni yakamwandama. Mwaka 1902 Rais Theodore Roosevelt, aliyezipenda kazi zake, alimpa nafasi ya ubalozi mdogo katika mji wa Guayaquil, nchini Ecuador, pwani yenye joto na homa. Aliikubali kwa sababu ya mshahara. Alifika mwezi Julai, akaanza kutuma fedha nyumbani kulipa madeni. Homa ya manjano ikalipuka mjini. Wageni wengi waliokuwa na uwezo waliondoka, yeye akabaki ofisini akiwahudumia wenye shida, mpaka na yeye ikampata. Alifariki tarehe 7 Desemba 1902, akiwa na miaka 62. Kaburi lake liko Woodlawn, New York, katika jiji alilofika akiwa mtoto asiyejua lugha yake.